Gari Lisilo na Kitambaa

"Oili ile niliiweka mimi."

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wapo walionisema vibaya kwa kukatia mahali kama pale. Mniwie radhi, nafasi ya gazeti si yangu. Kaeni vizuri basi, tuingie tena ndani ya sebule ile kabla chai haijapoa.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mama yake, ovaroli ya kazini bado mwilini, kofia mkononi. Kikao cha familia kilikuwa kimefika ukingoni. Mama alishatoa uamuzi wake. Mjukuu, kichanga cha wiki tano, angebaki kwake na kulelewa kwake, na Mwalimu, baba wa mtoto, angekuwa anakuja kumtazama siku za mapumziko kama mgeni.

Kosa la Mwalimu lilijulikana mtaa mzima. Alfajiri ile alipokuwa anamkimbiza mkewe hospitali, uchungu umeshashika, gari lilizimika njiani. Injini ilinoki, haikugeuka tena. Mkewe, ambaye kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, alijifungulia kiti cha nyuma kando ya barabara, akatokwa na damu, na msaada ulipofika ulikuwa umechelewa. Mtoto alipona. Kitinda hakupona.

Yadi iliyowauzia gari lile, gari jipya kabisa, ikatoa jibu la mkato: mteja aliendesha bila oili. Na yadi hiyohiyo ndiyo anayofanyia kazi Fundi, kaka wa marehemu.

"Umesema nini?" Mama aliuliza. Mtoto alikuwa kifuani kwake, amelala.

"Nimesema niliiweka mimi, mama. Mwalimu hakuendesha gari kavu. Oili ilikuwemo, tena tele. Ila haikuwa oili yake."

"Oili ni oili," alisema Mjomba, kaka wa Mama, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza kikao na alikuwa na hamu kubwa ya kukifunga.

"Sivyo, mjomba. Kila injini ina oili yake. Waliotengeneza gari wameandika, kitabu kimo ndani ya gari. La Kitinda linataka oili nyepesi, inakuja kwenye kopo lililofungwa kiwandani. Mimi nikaweka ya pipa. Nzito, ya malori. Ukiwasha asubuhi na baridi inachelewa kupanda, injini inasagika kavu wakati oili imejaa chini. Na ukiikimbiza kabla haijapata moto..."

Hakumaliza. Wote pale walijua nani aliikimbiza, na kwa nini.

Mwalimu, aliyekaa karibu na mlango, akainua uso. "Makopo yalikuwa yamekwisha?"

"Hayakuwa yamekwisha, shemeji. Yamepangwa mapokezi kwenye kabati la kioo, wateja wayaone. Mteja analipia ya kopo, anawekewa ya pipa."

"Kila mteja?"

"Karibu kila mteja."

Mtu aliyezoea kusahihisha madaftari halipiti neno hivi hivi. "Karibu," Mwalimu alirudia. "Nani hawekewi?"

Fundi alizungusha kofia yake mikononi. "Watu wetu. Ndugu za wafanyakazi. Gari la mtu wetu likiingia, tunafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni. Fundi akikiona anajua huyu ni wa kwetu, anafungua kopo."

"Nani alianzisha mtindo huo?" aliuliza Mjomba.

"Ulianza tu, mjomba. Zamani."

Alijibu hivyo huku anaitazama kofia. Jibu hilo liwekeni mfukoni, tutalihitaji.

Mama hakuuliza habari za mtindo. Alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu aliyegongewa hodi na asiyemjua. "Na hao wasiofungiwa kitambaa," alisema, "wao hawana mama?"

Mama hakungoja jibu.

"Na dada yako? Dada yako hakuwa wa kwenu?"

"Nilimfungia, mama. Kwa mkono wangu huu. Siku aliyoleta gari sevisi nilikuwa getini, nikamfungia mwenyewe, kisha nikashuka kazini, kwenye shimo la chini ya magari." Aliutazama mkono huo. "Magari ya pale yanafanana kama mayai kwenye trei. Yote meupe. Ukiwa chini shimoni huoni sura ya gari wala namba, na kusema kweli namba tuliacha kusoma siku nyingi. Tunasoma kitambaa. Unamwaga oili chafu, unafunga, unapanda ngazi, unachungulia kioo. Kipo, hakipo. Basi. Kwenye gari lile hakikuwepo, nikavuta mpira wa pipa."

"Lakini umesema ulimfungia."

"Nilifunga, mama. Sijui kilikwenda wapi. Mchana nikauliza gari la dada liko wapi, wakaniambia limekwisha, keshaondoka nalo. Nikajua mwenzangu mmoja amelishughulikia. Nikafurahi."

"Sasa umejuaje kuwa ni wewe?" Mjomba alisogea mbele ya kiti. Haraka ya kufunga kikao ilikuwa imemwisha.

"Juzi, Mwalimu alipong'ang'ania injini ifunguliwe. Pale kila fundi akimaliza kufunga filta ya oili anatia doa la rangi yake. Langu ni la njano. Filta ya gari la Kitinda ina doa la njano."

Mwalimu akasimama. Mjomba akavuta meza ya chai pembeni, nadhani alishaona vikombe vinaruka. Lakini Mwalimu hakunyanyua mkono. Alisimama tu mbele ya shemeji yake, mikono imening'inia.

"Usiku ule kabla ya uchungu niliangalia kijiti cha oili," alisema. "Nilikifuta, nikakichovya, nikakiangalia. Oili ilikuwa imejaa. Nililijua hilo. Lakini mlivyoniambia wote kwamba sikuangalia, nikaanza kuamini. Wiki tano namwomba msamaha kaburini kwa jambo ambalo sikulifanya."

Mama aliinuka kitini. Ule uamuzi alioutoa nusu saa nyuma kwa sauti ya juu aliutengua kwa sauti ndogo. Alimnyooshea Mwalimu mtoto kwa mikono miwili. "Mchukue mwanao, baba. Nimekukosea sana."

Mwalimu akampokea, akamlaza begani. Laiti ningeweza kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo.

"Nashukuru, mama," alisema. "Lakini nikitoka hapa na mtoto huyu, sirudi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema, mama, kwa sababu inabidi. Mtaa mzima unajua nimemuua mke wangu kwa uzembe. Watoto ninaowafundisha wanajua. Yadi ilisema, nanyi mkaitikia. Leo mnaniambia samahani sebuleni na madirisha mmefunga. Hainitoshi. Fundi akaseme kulekule waliposema wao, mbele ya Meneja na mbele ya wateja. Aseme yote. Akisema yote, mtoto ataletwa kwako kila siku niendapo kazini, utamlea kama Kitinda alivyotaka. Akificha hata chembe, mtoto huyu atakua hamjui bibi yake."

Mama alimgeukia Fundi. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Leo ni Jumamosi. Yadi imejaa?"

"Imejaa, mama."

"Basi tunakwenda sasa hivi."

Aliingia chumbani kutafuta kitu cha kumfunika mtoto, akatoka na mkoba wa buluu. Ni ule Kitinda alioufungasha mwenyewe kwa ajili ya hospitali. Ulirudishwa na vitu vingine vya garini, na tangu siku ile hakuna aliyepata moyo wa kuufungua. Mtoto alikuwa anavaa nguo za kupewa na majirani.

Mama akavuta zipu. Akatoa kofia mbili ndogo, soksi, blanketi lenye pindo jeupe. Chini ya blanketi kulikuwa na kitambaa chekundu, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe kwa pembe.

"Hiki ni cha nini?" Mama aliuliza.

Fundi alikiona. Akakaa sakafuni.

"Ni chake yeye," Mwalimu alisema, akimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Nilikuwa nimekisahau kabisa mpaka sasa. Siku ile ya sevisi Kitinda alisahau chupa yake ya maji garini. Akarudi kuichukua kabla gari halijaingizwa ndani, akakuta kitambaa kichafu kimefungwa kwenye kioo, akakifungua. Alivyofika nyumbani alicheka. Akasema, kaka yangu huyu anaacha matambara yake kila mahali, mpaka kwenye gari langu, ngoja nimfulie."

Mama alikuwa amekishika kitambaa kwa ncha za vidole.

"Kila ulipokuja nyumbani alikuwa anasahau kukupa," Mwalimu aliendelea. "Mwishowe akakitia humo. Akasema humo hatasahau, ukija hospitali kumwona mtoto atakupa mkononi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Kitinda. Tangu mdogo yeye ndiye aliyeokota viatu vya kaka yake uani mvua ikinyesha, yeye ndiye aliyemshonea vifungo vya shati la shule. Kaka akitupa, yeye anaokota. Hata siku ile aliokota.

"Hukumwambia maana yake?" Mama aliuliza. "Hukumwambia usikiguse, ndicho kinga yako?"

"Ningemwambiaje, mama?" Fundi alijibu, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Ningemwambia maana yake, angeniuliza na wengine mnawawekea nini. Niliona aibu. Nilimwonea haya mdogo wangu, nikanyamaza."

Mama hakumfariji. Alikikunja kitambaa tena kwa mikunjo ileile aliyoiacha binti yake, akakishika mkononi. "Inuka," alisema.

Walikwenda kwa miguu, yadi haikuwa mbali. Mjomba alibaki, alisema goti linamsumbua, na goti la Mjomba lina kawaida ya kuuma panapokuwa na ugomvi.

Yadi ilikuwa imefurika kweli. Ndani ya mapokezi wateja walikaa kwenye makochi, wengine na simu, wengine wanasinzia. Kabati la kioo lilikuwa limewashiwa taa, makopo yamepangwa ndani yanang'aa. Nje, kuelekea karakana, magari yalipanga foleni kusubiri sevisi. Mawili yalikuwa na kitambaa chekundu kwenye kioo. Mengine yote hayakuwa nacho.

Mwalimu hakuingia. Alisimama getini, mtoto begani, mkoba wa buluu mkononi, mahali ambapo sauti inafika.

Meneja alitoka na tabasamu lake la kazini, tai imenyooka. "Karibu mama. Gari lako ni lipi?"

"Sina gari," Mama alisema. "Nina kitambaa."

Akampita. Alikwenda moja kwa moja kwenye foleni ya magari, akaliuma lile pindo la kitambaa kwa meno, akachana. Kile ambacho mwanawe alikifua na kukipiga pasi, akakichana utepe mmoja mwembamba, akaufunga kwenye kioo cha gari la kwanza lisilo na kitu. Akachana mwingine. Akafunga la pili.

Wenye magari walianza kutoka nje mmoja mmoja. Mafundi wakapanda kutoka shimoni na mikono yao myeusi, wakasimama mlangoni. Wao walielewa mara moja. Hakuna aliyemsogelea.

"Mama, unafanya nini?" Meneja aliuliza, tabasamu bado lipo ila limepungua.

"Nawafungia watu wa kwetu."

Mwanamke mmoja mwenye funguo mkononi alikigusa kile kipande kwenye kioo cha gari lake. "Hiki ni cha nini, bibi?"

"Muulize mwanangu. Yule pale."

Watu wakageuka. Fundi alivua kofia.

"Mimi ni fundi wa hapa," alisema. "Mnalipia oili ya kopo, ile iliyomo kabatini. Ndiyo gari zenu zinayotaka. Sisi tunawawekea ya pipa, ya malori. Mwenye kitambaa ndiye anayewekewa ya kopo, kwa kuwa ni ndugu yetu." Alitazama getini. "Gari la dada yangu lilinoki kwa oili hiyo, akiwa njiani kwenda kujifungua. Niliiweka mimi. Mumewe hakuwa mzembe. Mumewe aliangalia oili usiku ule. Dada yangu amekufa kwa sababu yetu sisi, na kwa sababu yangu mimi."

Getini, Mwalimu aliinamisha uso, akaugusisha kichwani kwa mtoto. Mama alimwona. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi pumzi inashuka hadi tumboni, akaona kama anambeba tena mjukuu wake, kesho asubuhi na keshokutwa.

"Umemaliza, Fundi?" Meneja aliuliza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lingetosha kututia wasiwasi.

"Nimemaliza."

"Mbona umeruka mahali?" Akawageukia wateja kama mtu anayewaomba ushauri. "Nililileta mimi pipa, sikatai. Lakini siku nililolileta, mafundi wote walikataa kuligusa. Wote, wapo hapa, waulizeni. Walisema watu watauawa. Nilishampigia simu mwenye pipa aje alichukue. Ni nani aliyekuja ofisini kwangu akasema bosi, tusigombane, tupe njia ya kuwaepusha ndugu zetu, tuwe tunawafungia kitambaa, halafu hao wengine tutawawekea?"

Fundi alirudi nyuma hatua moja.

"Alipokubali yeye, wenzake wakakubali," Meneja alisema. "Bila kitambaa pipa lile lisingelala hapa hata siku moja. Mwambie mama yako ni nani."

Mafundi mlangoni hawakumtazama Meneja. Walimtazama Fundi. Mama naye alimtazama, ukanda wa mwisho mkononi.

"Ni kweli?"

"Nilikuwa nawafikiria nyinyi, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo mno, wateja wa nyuma hawakuisikia. "Kitambaa cha kwanza nilikifunga kwenye gari la marehemu baba."

Lakini Mwalimu alikuwa ameshamsikia Meneja. Na kule sebuleni alisikia pia Mjomba akiuliza nani alianzisha, na Fundi akijibu ulianza tu, zamani. Ndilo jibu nililowaomba mliweke mfukoni. Akisema yote, ndivyo alivyokuwa amesema Mwalimu. Akificha hata chembe.

Mama alipogeuka kutazama getini, hapakuwa na mtu. Mwalimu alikuwa ameshavuka barabara, mgongo kwao, mkoba wa buluu mkononi. Juu ya bega lake kilionekana kichwa cha mtoto.

"Mama," Fundi aliita. Wateja walikuwa wameanza kumzunguka. Aliinyoosha mikono kuelekea kwa mama yake kama alivyokuwa anafanya utotoni akianguka uani. "Mama, usiniache hapa."

Mbele ya Mama palikuwa na gari moja tu lisilofungiwa. Hakukimbia. Alilifunga kwanza, mafundo mawili, akauvuta ukanda kuhakikisha hautafunguka. Kisha akakaza mtandio wake na kuanza kutembea kuelekea barabarani.

Nyuma yake alisikia lango la yadi likivutwa na kufungwa, na sauti za watu zikiuliza, mmoja baada ya mwingine, langu uliniwekea nini, na langu je, na langu. Sauti ya mwanawe haikusikika tena. Mama hakugeuka.

Mtoto alikuwa ameamka, anatazama nyuma. Mwalimu alikuwa ameshafika kona.